Gari Lilivuka Bahari, Habari Zake Zikabaki

Fundi aliyaonja maji kwanza. Alichovya kidole kwenye mtungi wa lita 20 tulioazimwa na mama mwenye kibanda kando ya barabara, akakiweka ulimini, kisha akatema mate mchangani. "Ya kisima haya," akasema. "Ukiyatia kwenye rejeta utafika Mutomo leo. Lakini silinda hedi yako haitauona mwaka mwingine."

Tulikuwa kati ya Kibwezi na Ikutha, siku tatu kabla ya Krismasi, saa nane mchana. Bonneti ilikuwa juu, mvuke umekwisha kupungua, na watoto walikuwa wameketi chini ya mgunga wakigawana maembe. Ndani ya gari mlikuwa na unga, mafuta ya kupikia, blanketi mbili na keki iliyoanza kuyeyuka: mizigo ya kila familia inayorudi nyumbani Desemba. Fundi, kijana wa miaka kama 25, alimtuma mwenye bodaboda akatununulie maji ya chupa Ikutha. Yalipofika tuliyamimina yote ndani ya injini, chupa baada ya chupa, huku mama yule akitutazama bila kusema neno. Nilimwonea haya. Katika nchi ile ambako mwanamke hudamka kufukua mchanga wa mto uliokauka ili apate mtungi mmoja wa maji matamu, sisi tulikuwa tukikinywesha chuma maji hayo.

Visima vingi vya kusini mwa Kitui na vya nyanda za chini za Makueni vina chumvi. Wenyeji hawahitaji maabara kulijua hilo: sabuni haitoi povu, chai ina ladha yake, na birika hujenga ganda jeupe ndani. Ganda hilo hilo hujijenga kwenye mishipa ya rejeta mpaka maji yasipite. Tena injini za leo si kama zile za Land Rover za babu zetu, zilizokuwa chuma kizito kutoka juu hadi chini. Silinda hedi ni ya aluminiamu, na mara nyingi bloku nayo ni ya aluminiamu, na chumvi huila aluminiamu polepole kama mchwa alavyo boriti. Ndiyo maana watengenezaji husisitiza kulanti, ambayo licha ya kupoza huilinda metali isiliwe. Kwetu kulanti huonekana kama anasa ya watu wa Nairobi. Gari likipungukiwa, hutiwa kinachopatikana, na kinachopatikana ni maji ya kisima.

Kijana yule aligundua jambo la pili. Gari halikuwa na thamostati. Fundi mwingine, miezi mingi nyuma, alikuwa ameing'oa. Thamostati ni mlango mdogo unaoyazuia maji yasizunguke hadi injini ipate joto lake, ambalo kwa kawaida ni kati ya nyuzi 80 na 95. Gari likianza kuchemka, mafundi wengi wa kwetu huing'oa kabla ya kufanya lolote lingine, wakiamini kwamba maji yakipita bila kizuizi yatapoza zaidi. Kweli gari hupoa, kwa wiki kadhaa. Lakini injini inayoendeshwa ikiwa baridi hunywa mafuta zaidi, hukusanya masizi na huichafua oili yake, na kile kilichosababisha kuchemka kinabaki palepale: rejeta iliyoziba, pampu ya maji iliyochoka, feni isiyozunguka, gasketi iliyoanza kuungua. Kinasubiri mlima. Na milima tunayo. Ukitoka Makindu kurudi Nairobi unapanda karibu mita 700, na ukikata kona kuelekea Mbooni au Nunguni, mwinuko unakukabili ghafla, gari likiwa limejaa watu na magunia.

Nimeanza na maji kwa sababu ndipo mimi mwenyewe nilipoanza kuelewa. Kabla ya siku ile niliamini anachoamini kila mtu mjini Wote na Kitui: kwamba kuna magari mazuri na magari mabaya, na mwenye bahati hununua zuri. Leo naamini kwamba tatizo letu kubwa ni habari. Magari tunayonunua yana magonjwa yanayojulikana, yameandikwa, yamefikishwa mahakamani, yametolewa dawa. Ila habari hizo hukwama ng'ambo ya bahari, na kwetu hufika gari peke yake.

Tangu ugatuzi uanze mwaka 2013, miji yetu imebadilika sura. Nje ya ofisi za kaunti, pale palipoegeshwa Probox na pikipiki, leo utaona Forester, X-Trail, RAV4, Harrier, Vanguard na CX-5. Wenye magari hayo ni walimu, wauguzi, maafisa wa kaunti, wafanyabiashara wa maembe na ndengu. Wengi wameyanunua kwa mkopo wa Sacco au wa benki, na gari la namna hiyo si la mtu mmoja. Ndilo humkimbiza mjamzito usiku kutoka Kathonzweni, ndilo hubeba wazee wanaokwenda kuposa, ndilo huwarudisha wanafunzi shuleni na masanduku yao. Likifa, ukoo mzima hujua. Injini inaweza kufa leo. Mkopo hauna habari, unaendelea kukatwa kwenye mshahara kila mwisho wa mwezi.

Karibu yote yametumika Japani kabla ya kuja kwetu. Kiwango cha Kenya kinachojulikana kama KS 1515 hakiruhusu kuingizwa nchini gari lililopita miaka minane tangu liliposajiliwa kwa mara ya kwanza. Kwa hiyo wengi hununua gari la miaka saba, au linalokaribia kabisa kufunga ya nane, kwa kuwa ndilo wanaloweza kulimudu. Sheria hiyo ina faida zake na siipingi. Lakini hebu tutafakari maana yake. Gari hutufikia dhamana ya kiwandani ikiwa imekwisha, katika umri uleule ambao kasoro zilizojificha ndani ya injini huanza kujitokeza. Mjapani alilifaidi likiwa na afya, akaliuza lilipoanza kukohoa. Sisi tunalipokea na kikohozi chake, limesafishwa likang'aa, na harufu nzuri imepulizwa ndani.

Chukua Mazda CX-5 ya dizeli. Ilianza kuuzwa Japani Februari 2012, na kwa haki yake ilikuwa kazi ya uhandisi ya kustaajabisha. Injini yake ya lita 2.2 ilibana hewa kwa uwiano wa 14 kwa 1, kiwango cha chini sana kwa dizeli ya wakati huo, ikapunguza moshi na uzito. Ilikuwa na turbo mbili, nguvu ya kuvuta ya nyutoni-mita 420, na ulaji mdogo wa mafuta. Kwa mtu wa Ukambani, anayepanda milima na kubeba watu, hiyo ilikuwa ndoto. Gari lililosajiliwa Japani mwaka 2012 liliweza kuingia Kenya hadi mwisho wa 2019, na yaliingia kwa wingi. Kisha wenye magari wakaanza kusimulia hadithi moja: gari linapoteza nguvu mlimani, taa ya injini inawaka, turbo inapiga mluzi, na mwishowe injini inagonga na kunyamaza.

Ugonjwa wenyewe unaeleweka. Dizeli ya kisasa ina chujio la masizi kwenye njia ya moshi, ambalo mafundi huliita DPF. Chujio likijaa, injini hulisafisha yenyewe kwa kunyunyiza dizeli ya ziada ili joto lipande na masizi yaungue. Kazi hiyo huhitaji safari ya mwendo wa kutulia, takriban dakika 15 au 20 bila kusimama. Mtu anayeendesha kutoka Emali hadi Mtito Andei hulifanyia gari hisani bila kujua. Lakini gari linalopeleka mtoto shule mjini Kitui, likapita Kalundu sokoni, likarudi nyumbani na kuzimwa, halimalizi usafishaji. Linaanza, linakatizwa, linaanza tena kesho. Sehemu ya dizeli ile ya ziada huteremka kwenye kuta za silinda hadi kwenye sampu na kuchanganyika na oili. Oili inakuwa nyepesi, na kipimo chake kinapanda badala ya kushuka.

Hapa ndipo watu wengi walipoangamia. Sisi tumelelewa na magari yanayokula oili. Tunachomoa kijiti, tukikuta oili iko chini tunaongeza, tukikuta iko juu tunashukuru. Kwenye injini hii, oili iliyopanda ni kengele ya hatari. Kwenye kijiti cha gari hilo kuna alama ya X juu ya alama ya kujaa, iliyowekwa makusudi ili kumwambia mwenye gari: ikifika hapa, mwaga oili yote utie nyingine. Ni wangapi kati yetu waliowahi kuambiwa maana ya alama ile?

Kuna pia jambo la vali na nozeli. Masizi hujijenga kwenye vali za moshi zisifunge sawasawa. Kikoti kidogo cha shaba chini ya nozeli kikichoka, gesi ya moto hupenya, mkaa ukaangukia kwenye oili, ukaenda kuziba wavu ambao pampu ya oili hunyonyea. Turbo na shafti za vali, ambazo haziwezi kuishi hata dakika chache bila oili, hukauka na kusagika. Mwenye gari anayebadilisha turbo bila kuusafisha wavu ule atabadilisha nyingine baada ya muda mfupi. Nimewajua watu waliofanya hivyo mara mbili, kila mara wakiamini wameuziwa spea mbovu.

Je, haya yalikuwa siri? Hapana. Novemba 2018 Mazda yenyewe ilitangaza kuyaita tena magari yapatayo 640,000 duniani kote, CX-5 za dizeli zikiwemo, kwa sababu ya springi za vali za injini hiyo na mkaa uliokusanyika kwenye vali. Mwezi ule ule bandari ya Mombasa ilikuwa ikiendelea kupokea magari ya aina hiyo. Huko Australia, mwaka 2024, Mahakama ya Shirikisho ililitoza tawi la Mazda la nchi hiyo faini ya dola milioni 11.5 za Australia kwa kuwapotosha wateja kuhusu haki zao, baada ya magari yao mapya ya aina mbalimbali kupata hitilafu kubwa zilizojirudia. Wateja hao walikuwa tisa tu. Gari moja lilikuwa limebadilishiwa injini mara tatu. Watu tisa, na serikali ya nchi ile ikasimama kuwatetea.

Si Mazda peke yake, na nisingependa mtu aifunge makala hii akidhani nimemshitaki mmoja. Nchini Marekani, wenye Subaru waliishitaki kampuni mwaka 2014 kwa sababu Forester za 2011 hadi 2014, pamoja na aina nyingine za wakati huo, zilikuwa zikila oili kupita kiasi. Mwaka 2016 kesi ikamalizwa kwa mapatano, na dhamana ya kasoro hiyo ikaongezwa hadi miaka minane. Toyota, jina ambalo kwetu hutajwa kama dhamana yenyewe, ilikubali mwaka 2015 kuwatengenezea Wamarekani injini za RAV4 za 2006 hadi 2008 zilizokuwa zikila oili kwa sababu ya pistoni na ringi zake, hata kama dhamana ya kawaida ilikuwa imekwisha. Injini hiyo ya lita 2.4 ndiyo iliyomo kwenye Harrier na Vanguard nyingi zinazopanda mlima wa Kilungu hivi ninavyoandika. Mwenye nayo anaongeza oili kila wiki na kusema gari limezeeka.

Kwa nini habari hizo hazimfikii? Wito wa marekebisho, yaani mtengenezaji kuyaita tena magari ayatengeneze, humfuata mwenye gari aliyesajiliwa. Japani, barua hutumwa kwa jina na anwani yake. Gari likifutwa kwenye daftari ili lisafirishwe nje, uzi huo hukatika. Linapanda meli, linashuka Mombasa, linapewa namba mpya na mmiliki mpya, na hakuna barua itakayomfikia mwalimu wa Tawa. Lakini namba ya chesesi haijabadilika. Imegongwa kwenye chuma, ni ileile iliyotoka nayo kiwandani. Mtengenezaji anayo kwenye orodha yake, na tovuti zake za Japani humruhusu mtu aingize namba hiyo na kuona kama gari lake liliitwa na kama lilitengenezwa. Kwa CX-5 ya dizeli ya toleo la kwanza, namba hiyo huanza na KE2. Na Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama, NTSA, inayo namba hiyohiyo kwenye logbuku ya kila gari nchini. Orodha mbili za namba zilezile, moja ng'ambo na nyingine Nairobi. Mnunuzi akifungua logbuku yake leo, haoni humo hata neno moja kuhusu wito wa marekebisho.

Gari haliruhusiwi kupandishwa meli kabla ya kukaguliwa Japani kwa niaba ya Shirika la Viwango, KEBS. Wakaguzi hutazama usalama, umri, hata mionzi. Ni kazi muhimu. Hawafungui injini, na sidai waifungue. Ninachodai hakihitaji spana. Kabla ya kutoa cheti, waingize namba ya chesesi kwenye orodha ya mtengenezaji. Gari lenye wito ambao haujatekelezwa litengenezwe kwanza huko, ambako mtengenezaji hulitengeneza bure, ndipo lipakiwe. NTSA nayo iandike hali hiyo kwenye rekodi ya gari, ili mtu anayelinunua mara ya pili au ya tatu Mwingi au Makindu aione kabla ya kutoa pesa. Katiba ya 2010, kifungu cha 46, inampa mtumiaji haki ya bidhaa yenye ubora wa kuridhisha, haki ya habari anazohitaji ili anufaike nayo, na haki ya fidia kwa hasara inayotokana na kasoro zake. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 ilikuja kuitilia nguvu. Maneno yapo. Yamekaa vitabuni kama pampu ya kisima iliyokosa mpini.

Waagizaji wa magari watasema bei itapanda. Huenda ikapanda kidogo. Lakini bei gani tunayoilipa sasa? Injini ikinoki, safari ni ya Nairobi, barabara ya Kirinyaga au Grogan, kutafuta injini nyingine "eksi-Japani". Inaletwa ikiwa imefungwa kwa waya kwenye pikapu, bila historia yoyote, imetolewa kwenye gari la aina ileile lililokuwa na ugonjwa uleule. Mwenye gari analipa injini, analipa fundi, analipa mkopo wa kwanza na wa pili. Baada ya miezi inagonga tena. Nimekaa na mzee mmoja mstaafu pale Wote aliyenionyesha gari lake likiwa juu ya mawe, matairi yamevuliwa, kuku wametaga kwenye kiti cha nyuma. Kiinua mgongo chake chote kiliishia pale. Alipoliangalia alisema tu, "Tulikuwa tunaenda nalo kanisani."

Sitasema kwamba sisi wenyewe hatuna mchango. Kuna oili. CX-5 ya dizeli huhitaji oili yenye majivu machache, kwa sababu majivu ya oili hayaungui. Yakifika kwenye chujio la masizi hukaa humo daima. Kwetu fundi humimina oili nzito ya lori, 15W-40, kwa kuwa dizeli ni dizeli na bei ni nafuu. Kuna vumbi jekundu la Kitui, ambalo hulijaza chujio la hewa haraka kuliko kitabu cha Japani kilivyokadiria, na mtu hulipigapiga kwenye tairi na kulirudisha. Na kuna mafuta yenyewe. Japani ilishafika kiwango cha salfa cha sehemu 10 kwa milioni kabla ya magari haya kubuniwa. Afrika Mashariki ilianza kutumia kiwango cha sehemu 50 mwezi Januari 2015, hatua kubwa na ya kupongezwa, lakini bado si mafuta ambayo injini hizi zilizoea. Kisha kuna wale waliokuwa wakichanganya dizeli na mafuta ya taa. Uchanganyaji huo ulishamiri kiasi kwamba mwaka 2018 serikali iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili faida ya uhalifu huo iishe. Maskini anayewasha koroboi Nzambani akalipishwa dhambi ya mwenye lori la mafuta. Dizeli iliyochanganywa hukosa ule utelezi unaoilinda pampu. Injini ya zamani ingetoa moshi na kuendelea. Pampu inayosukuma mafuta kwa shinikizo la megapaskali 200 husagika, na vumbi la chuma chake likaenda kwenye kila nozeli.

Lakini naona si haki jinsi lawama inavyorushwa kwa mafundi wa jua kali. Kijana yule wa njia ya Ikutha alijua aluminiamu na chumvi kuliko watu wengi wenye shahada. Nilimuuliza alijifunzia wapi. Alisema aliharibu hedi mbili akiwa mwanafunzi wa gereji, akajiuliza kwa nini. Hiyo ndiyo shule tuliyowapa: kuharibu, na kujiuliza kwa nini, kwa gharama ya wenye magari. Kitabu cha matengenezo cha gari la Japani kimeandikwa Kijapani. Notisi za mtengenezaji kwa mafundi wake haziwafikii mafundi wetu. Vyuo vya ufundi vya kaunti zetu mbili vingeweza kuwa mahali ambapo notisi hizo hutafsiriwa na kusomwa. Fundi wa Mutomo akijua kwamba oili ya CX-5 hupanda, familia kumi zitaokoka kwa neno lake moja, bila kamati wala semina ya hotelini.

Hadi hayo yafanyike, kuna kidogo ambacho mnunuzi anaweza kujifanyia, na nitakisema kwa sababu nilikijua kwa kuchelewa. Omba karatasi ya mnada ya Japani, inayoonyesha daraja la gari na kilomita zake siku lilipouzwa. Ukiambiwa imepotea, na wewe potea. Fungua kisanduku cha mbele ya abiria: mara nyingine kijitabu cha matengenezo bado kimo, na simu ya leo inakisoma Kijapani kwa kamera. Fungua mlango wa dereva utazame ukingo wake, karibu na kitasa. Japani gari likishatengenezwa kufuata wito, hubandikwa stika ndogo yenye namba. Na karibu na hapo, au chini ya bonneti, gereji za Japani hubandika stika ya oili, zikiandika tarehe na kilomita za kubadilisha tena. Wauzaji huosha kila kitu, hung'arisha matairi, hupulizia viti. Stika hizo ndogo huwapita.

Mwezi uliopita shemeji yangu, mwalimu wa sekondari huko Makueni, aliniomba nimsindikize kutazama gari. Mkopo wa Sacco ulikuwa umekwisha kupitishwa. Gari lilikuwa jeupe, safi, limeegeshwa kivulini, na muuzaji alikuwa mtu mpole aliyetuletea viti. Shemeji aliketi nyuma ya usukani, akashika gia, akatabasamu kama ninavyomkumbuka siku ya harusi yake. Kilomita kwenye dashibodi zilisoma 71,000 na kitu. Nilizunguka hadi mlango wa dereva, nikainama. Stika ilikuwapo, imefifia, pembe moja imebanduka. Nikaielekeza simu, tukasubiri mtandao, maneno yakabadilika mbele ya macho yetu moja baada ya jingine.

Kubadilisha oili tena: kilomita 118,000.

Shemeji aliisoma mara mbili. Akamuuliza muuzaji, kwa sauti ya chini kabisa, kama gari hili lilikuwa na karatasi ya mnada. Muuzaji akasema angeitafuta. Tukamuaga vizuri, tukatoka hadi barabarani, tukasimamisha matatu ya kurudi Wote. Alikaa dirishani na bahasha ya mkopo mapajani, na hatukuzungumza mpaka tulipoipita Mukuyuni.